Mbona kwenye gemu ya bunduki unafungiwa kwa kuua? Sheria za seva za kuigiza zikielezwa taratibu

Kwenye mabanda ya gemu ya Tabora mjini, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wanaocheza wakiwa nyumbani, kuna lalamiko linalojirudia: "Nimefungiwa wiki nzima kwa sababu nimeua mtu. Sasa bunduki wametuwekea za nini?" Mzazi akisikia hivyo naye anachanganyikiwa kwa upande wake. Siku zote alijua gemu hizo ni za kupigana na kuibiana magari. Leo anaambiwa kuna sheria, kuna wasimamizi, kuna rufaa, na mwanawe hapati usingizi kwa ajili ya kesi ambayo haipo mahakama yoyote.

Lalamiko hilo lina msingi. Ukifungua sheria za seva nyingi kwa mara ya kwanza unakutana na vifupisho: RDM, VDM, IC, OOC, NLR. Chini yake kuna adhabu, siku tatu, siku saba, maisha. Kwa nini kila sheria ipo, mara nyingi halisemwi. Kijana anakariri ili apite usaili wa kuingia, halafu anavunja sheria siku ya pili kwa sababu alichokishika ni maneno tu. Nataka kueleza sababu, maana mwenye kuielewa sababu anaweza kuzikisia sheria nyingi hata kabla hajazisoma.

Seva ni ya nani

Seva ni kompyuta inayowashwa muda wote na kuunganishwa na intaneti ili watu wengi waingie kwenye mchezo mmoja kwa pamoja. Gemu inayotajwa sana katika mazungumzo haya ni Grand Theft Auto V ya kampuni ya Rockstar Games, iliyotoka mwaka 2013 kwa PlayStation na Xbox, na mwaka 2015 kwa kompyuta. Miji ya kuigiza haikutoka kwa Rockstar. Kuna watu wa nje waliotengeneza programu ya nyongeza inayoitwa FiveM, ambayo inamwezesha mtu kuanzisha seva yake na kuipangia taratibu zake. Agosti 2023 Rockstar walitangaza kwamba timu iliyoitengeneza, Cfx.re, imeingia rasmi ndani ya kampuni yao. Wenye kompyuta dhaifu wamekuwa wakifanya mambo hayohayo kwa gemu ya zamani zaidi, Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004.

Kwa hiyo seva anayoingia mwanao kwa kawaida ni ya mtu au kikundi kinacholipia gharama zake, na admini wake, yaani wasimamizi, wengi ni watu wanaojitolea usiku baada ya kazi au masomo. Akifungiwa humo, gemu yenyewe haijapotea. Anaweza kuicheza peke yake, au akaenda seva nyingine. Tofauti kubwa ni kwa anayekamatwa na programu za udanganyifu, zile za kuona watu kupitia ukuta au kulenga bila kukosea. Huyo FiveM wenyewe wanaweza kumfungia seva zote.

Sasa kuigiza. Kwenye seva hizi kila mchezaji anatengeneza mhusika mwenye jina, kazi na historia. Mmoja ni fundi magari, mwingine nesi, mwingine polisi, mwingine jambazi. Unaongea kwa maiki kama mhusika huyo, unanunua mafuta, unapeleka gari gereji, unakamatwa, unapanda kizimbani mbele ya mchezaji anayeigiza hakimu. Hakuna pointi wala hatua ya mwisho ya kuvuka, na hakuna wa kutangazwa bingwa. Kinachotengenezwa pale ni hadithi, na inatengenezwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja bila yeyote kujua itaishia wapi. Ndiyo maana mtu aliyetoka kwenye gemu za kawaida za kurushiana risasi hujikwaa mapema sana: anaingia akitafuta kushinda, mahali ambapo kushinda hakupo.

Mambo haya ni ya zamani kuliko vijana wengi wanavyodhani. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani kwa kalamu, karatasi na kete, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw na baadaye Richard Bartle, walitengeneza ulimwengu wa maandishi matupu ambao watu wengi waliingia pamoja kwa kompyuta. Sehemu ya sheria zinazowatesa vijana leo zilianza kujadiliwa kwenye meza na skrini za namna hiyo.

Mhusika na mchezaji ni watu wawili

Msingi wa sheria zote ni huu: mhusika ni mmoja, mchezaji ni mwingine. Kinachosemwa na kufanywa na mhusika kinaitwa IC, yaani ndani ya igizo. Kinachosemwa na mchezaji mwenyewe, aliyeketi kwenye kiti chake Isevya au Cheyo, kinaitwa OOC, yaani nje ya igizo. Mhusika wako anaweza kumchukia mhusika wangu mpaka wakatafutana kwa panga, huku mimi na wewe tukibaki marafiki tunaotumiana bando.

Kwa watu wa Unyamwezini jambo hili si geni, kwa sababu tunalo kwenye utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara iliyokuwa ikitoka Tabora kwenda pwani na kurudi. Mtani anaingia msibani, anaigiza sauti na mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, analala ndani ya kaburi lililochimbwa na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna anayemkamata. Lakini angalia masharti yaliyo chini yake. Kila aliyepo anajua huyu ni mtani, na asiye mtani akithubutu hatatoka salama. Mtani huyohuyo anayesumbua ndiye anayeshika jembe na kuhangaika na maji na kuni, kwa hiyo fujo zake zinakwenda pamoja na kuubeba msiba. Maneno aliyoyasema pale yanaishia pale, hakuna wa kuyafuata nyumbani kwake. Na akinyanyua kapu la rambirambi akaondoka nalo, hata neno utani halitamwokoa. Ameiba.

Masharti hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye seva kwa vifupisho. Fujo inaruhusiwa kwa aliye ndani ya igizo, ikitumikia hadithi ya wote, na isipotoka nje kumwumiza mtu halisi.

Kuua kwa sababu na kuua ovyo

Sasa turudi kwa kijana aliyefungiwa kwa kuua. Kosa lake linaitwa RDM, kuua ovyo bila sababu ya ndani ya igizo. VDM ni ndugu yake: kumgonga mtu kwa gari kusudi, gari likitumika kama silaha. Seva hazikatazi kuua. Zinakataza kifo kisicho na hadithi.

Ukitaka kuelewa kwa nini, mwangalie aliyeuawa. Tuseme amekuwa akiendesha lori la mzigo kwa dakika arobaini kutoka upande mmoja wa ramani kwenda mwingine. Njiani amesimamishwa na polisi, akabishana, akaachiwa. Anakaribia kushusha mzigo, kijana anatokea kichakani, anampiga risasi, anacheka, anaondoka. Kwa kijana ni sekunde tatu za raha. Kwa mwenye lori jioni yote imekatika, na hana cha kuendeleza, kwa sababu hakuna neno lililosemwa wala ugomvi wa kuufuatilia. 

Badili kidogo. Kijana anaweka gari katikati ya barabara, anashuka na bunduki, anasema: "Mzee, funguo na mzigo. Simu weka chini." Mwenye lori anaweza kutii au kubembeleza. Anaweza pia kujifanya injini imegoma. Akikimbia akapigwa risasi, amekufa ndani ya hadithi. Watafutaji wa mzigo watakuja, polisi watahoji, bosi wake atataka kulipiza. Mauaji yaleyale yameacha kazi ya wiki nzima kwa watu kumi.

Ndiyo maana admini akikuita hatakuuliza kama umeua. Atauliza kilichotangulia ni nini, na kama mwenzako alipewa nafasi ya kujibu. Atapima pia ukubwa wa jibu lako. Mtu akikukanyaga kwa bahati mbaya kwenye foleni ya benki ukammiminia risasi, sababu ipo lakini haifanani na kifo. "Mhusika wangu ndivyo alivyo, ana hasira" ni utetezi unaoletwa kila siku na haukubaliki, kwa kuwa mhusika hakujiumba. Umemtengeneza wewe, na wewe ndiye unayejibu.

Habari ulizozipata nje

Kuna kosa linalofanywa hata na wachezaji wazuri, mara nyingi bila nia mbaya. Kwenye sheria linaitwa metagaming: mhusika kutumia habari ambazo ni mchezaji tu anayezijua. Tuseme mhusika wa mchezaji aitwaye Kasim ametekwa, simu yake ya ndani ya gemu imechukuliwa, amefungwa kitambaa machoni. Wakati huohuo Kasim mwenyewe yuko kwenye simu ya WhatsApp na wenzake watatu. Dakika mbili baadaye wamefika mahali hasa alipofichwa, na bunduki mkononi. Watekaji walipanga jambo lao kwa saa nzima, nalo limeharibiwa na kitu ambacho ndani ya igizo hakikuwapo.

Kosa hilo lina sura nyingi. Mtu anatazama matangazo ya moja kwa moja ya mchezaji mwenzake YouTube ili ajue alipojificha. Mwingine anasoma jina lililoandikwa juu ya kichwa cha mtu asiyemjua na kumwita kwa jina hilo, wakati hawajawahi kusalimiana. Hili la majina linawaponza wengi wanaoanza. Maandishi yaliyo juu ya kichwa ni kwa faida ya mchezaji. Macho ya mhusika hayayaoni. Mpaka mtu ajitambulishe, wewe unamjua kama "yule kaka wa kofia nyekundu".

Njia ya kujilinda ni kujiuliza kabla ya kutenda: mhusika wangu amelijuaje hili? Ukikosa jibu la kuonyesha, acha.

Kumwachia mwenzako nafasi

Powergaming ni kumlazimishia mwenzako matokeo bila kumpa nafasi ya kujibu. Ili uione vizuri inabidi kutazama namna wachezaji wanavyoandika vitendo ambavyo gemu haiwezi kuvionyesha. Kwenye seva nyingi kuna amri mbili. Amri ya /me inaeleza kitendo cha mhusika wako. Amri ya /do inaeleza hali ilivyo, au inauliza kuhusu hali hiyo. Polisi mgeni ataandika hivi:

/me anamfunga Kasim pingu mikono yote miwili, Kasim hawezi kujinasua

Kwa mstari mmoja ameandika kitendo chake, matokeo yake, na uwezo wa Kasim. Kasim hana la kufanya isipokuwa kukubali au kulalamika. Polisi mzoefu ataandika:

/me anajaribu kuushika mkono wa kulia wa Kasim ili amfunge pingu

Kasim anajibu:

/me anauvuta mkono nyuma, lakini mgongo umeshagota ukutani

Polisi:

/do Je, pingu imeingia?

Kasim:

/do Imeingia mkono mmoja.

Tazama jibu hilo la mwisho. Kasim angeweza kusema haijaingia kabisa, au imeingia yote. Amechagua kitu kilicho katikati, na papo hapo kuna tukio: mtu mwenye pingu mkono mmoja, kibarabara chembamba, polisi anayehema. Hapo ndipo utamu wa mchezo huu ulipo, na huupati kwa kukimbilia kushinda. Binafsi naamini anayeelewa mistari hiyo minne ameelewa seva za kuigiza kuliko aliyekariri kurasa ishirini za sheria.

Kuna jambo jingine kwenye /do linalowafungisha vijana bila wao kujua kosa lao. Polisi anakupekua na kuandika: /do Mfukoni kuna nini? Una bastola. Mhusika wako anaruhusiwa kudanganya kwa mdomo. Aseme kwa maiki, "Afande, mimi mtu wa ibada, sina chochote." Huo ni uongo halali, ni wa mhusika. Lakini kwenye /do lazima uandike kwamba kuna bastola, kwa sababu swali hilo analiuliza mchezaji na linajibiwa na mchezaji. Ukidanganya pale umemdanganya mtu halisi aliyekuamini, na seva nyingi hulihesabu kosa hilo kuwa kubwa kuliko ujambazi wowote wa ndani ya gemu.

Hofu na kumbukumbu

Sheria mbili hazina haja ya maelezo marefu. Ya kwanza ni kuthamini uhai. Ukielekezewa bunduki tatu huku wewe mikono mitupu, mhusika wako aogope kama binadamu angeogopa. Anayeanza kutukana na kuchomoa kisu kwa sababu anajua atafufukia hospitali ameivunja hadithi ya wenzake.

Ya pili ni NLR, sheria ya maisha mapya. Mhusika akifa na kurudi, anasahau mazingira ya kifo chake na harudi mahali pale kulipiza kisasi. Kila seva inapanga muda wake wa kukaa mbali, na baadhi wanatofautisha kuzimia na kufa. Hapa soma sheria za seva yako yenyewe, usitegemee za seva uliyotoka.

Umeme ukikatika katikati ya tukio

Kwa wachezaji wa huku kwetu hili linastahili nafasi yake. Kuna kosa la kutoka kwenye seva ili ukwepe kukamatwa, kuibiwa au kufa. Adhabu yake ni kali, kwa kuwa unawaacha wenzako wameshika hewa. Tatizo ni kwamba mchezaji wa Tabora anaweza kutoka bila kutaka. Umeme unakatika, au bando linaisha wakati polisi ndio wanafungua mlango wa gari. Upande wa pili wanaona jambo moja tu: jambazi ametoweka.

Seva huandika sababu ya kila anayetoka. Aliyebonyeza kitufe cha kutoka huandikwa tofauti na aliyepotezewa mawasiliano. Hilo linasaidia, ila halimalizi ubishi, kwa sababu wajanja huchomoa waya wa intaneti ili waonekane wamepotezewa mawasiliano. Admini mwenye uzoefu hutazama mwenendo: je, intaneti ya huyu hukatika hata akiwa anavua samaki, au hukatika tu akizungukwa na polisi?

Kwa hiyo mara tu unapokatikiwa, chukua simu ya mkononi na uandike kwenye chumba cha seva huko Discord, programu ya mazungumzo wanayotumia wachezaji, hata kwa bando la kuazima: "Umeme umekatika, nilikuwa nakamatwa karibu na benki, nitarudi." Ukirudi, nenda ulipokuwa, watafute wale polisi, uendelee pale mlipoishia. Wengi watakuelewa, na jina lako litakaa vizuri kwa muda mrefu. Ukijua umeme wa mtaani kwenu unasumbua jioni, usianzishe wizi wa benki wakati huo. Fanya kazi ya teksi au gereji, ambako ukipotea ghafla huumizi mtu.

Lagi, yaani mawasiliano kuchelewa njiani, nayo ina kesi zake. Seva nyingi ziko Ulaya au kwingineko mbali, na amri yako inakwenda huko na kurudi. Sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi ikipotea njiani, mtu unayemwona kando ya barabara huenda kwenye kompyuta yake ameshavuka hadi katikati. Unampitia, naye anaona umemgonga kusudi. Kwenye mikusanyiko punguza mwendo. Ukigonga, simama na ushuke, uulize hali yake ndani ya igizo, umpeleke hospitali. VDM inahusu nia, na anayeshuka kumhudumia aliyemgonga amekwishaonyesha nia yake.

Polisi wa gemu si admini

Mkanganyiko huu ndio unaoleta kelele nyingi kuliko yote. Kijana ameibiwa gari ndani ya gemu, anakwenda kwa admini kudai mwizi afungiwe. Admini anamwambia, "Ripoti polisi." Anahisi amedharauliwa, kumbe ameelekezwa sawasawa. Kuiba gari kwa kufuata taratibu ni uhalifu wa mhusika, na unashughulikiwa na polisi waigizaji, mahakama ya kuigiza na jela ya kuigiza. Mwizi atakaa jela hiyo dakika kadhaa kisha ataendelea na maisha yake.

Admini anashughulika na wachezaji. Anaingia pale ambapo mtu amevunja kanuni za kuigiza pamoja, si pale mhusika wako alipopata hasara. Kupoteza, kuibiwa, kusalitiwa na rafiki, kufungwa kwa kusingiziwa, vyote hivyo vinaweza kukukuta bila mtu yeyote kuvunja sheria hata moja. Ukivipenda hivyo utafurahia seva hizi. Ukiona kila hasara ni uonevu, utaishi kwenye malalamiko.

Ufahamu pia kwamba mtu anaweza kuwa admini na wakati huohuo akawa na mhusika jambazi. Seva nzuri zinakataza admini kuamua kesi ambayo mhusika wake amehusika. Kama seva yako haina utaratibu huo, una haki ya kuuliza.

Pale ambapo "nilikuwa naigiza" haisaidii

Kuna mambo ambayo hata mhusika hawezi kukufichia. Matusi ya kabila, rangi, dini au ulemavu ni la kwanza. Watu wamezoea kutaniana kikabila na kudhani popote ni sawa, lakini utani unafanyika kati ya watu wanaojua kwamba wao ni watani. Kwenye seva yenye watu mia usiowajua hujui nani anakusikiliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja matusi ya kibaguzi na uonevu wa mtandaoni kuwa makosa, na haikuweka kando gemu.

La pili ni taarifa za mtu halisi. Ukimtafuta mchezaji aliyekuudhi, ukapata namba yake, picha yake au shule anayosoma, kisha ukazitoa hadharani, umetoka kabisa kwenye mchezo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Seva nyingi hufungia maisha kwa kosa hili, na mimi naona ni sahihi.

La tatu nalisema kwa wazazi hasa. Maigizo ya mapenzi na ngono yamepigwa marufuku kabisa kwenye seva nyingi. Zinazoyaruhusu hudai ridhaa ya kila aliyehusika, iliyotolewa nje ya igizo, na hawawaruhusu walio chini ya miaka 18. Grand Theft Auto V yenyewe imewekewa kiwango cha miaka 18 Ulaya na miaka 17 Marekani. Mtoto wa miaka 13 aliyedanganya umri ili aingie anakaa chumba kimoja cha sauti na watu wazima ambao hawajui kwamba wanaongea na mtoto, na wengine ambao wanajua. Mwambie avue spika za masikioni, msikilize pamoja robo saa. Utajifunza mengi kuliko kwa kumnyang'anya kompyuta.

Na pesa. Kumlipa mwenye seva kwa ajili ya nafasi ya mbele kwenye foleni ya kuingia ni jambo la kawaida, lakini hakukupi kinga dhidi ya sheria. Kuuziana hela za gemu kwa hela halisi, mtu kwa mtu, kupitia simu, ni marufuku karibu kila mahali, na ukitapeliwa hakuna admini atakayekusaidia. Novemba 2022 Rockstar walitoa msimamo kuhusu seva hizi na kutaja wasichokikubali: kuuza hela za mchezo, kuuza visanduku vya bahati nasibu, udhamini wa makampuni, na sarafu za kriptografia. Seva inayokushawishi kununua vitu hivyo inacheza na uhai wake yenyewe.

Ukishafungiwa

Rufaa huandikwa kwa kufungua tiketi, yaani ombi la maandishi kwa wasimamizi, kwa kawaida huko Discord. Vijana wengi hupoteza rufaa kwenye mstari wa kwanza kwa kuandika, "Mmenionea." Admini hajui unazungumzia tukio gani kati ya mengi ya usiku huo. Taja jina la mhusika, siku na saa, mahali, na waliokuwapo. Eleza kilichotangulia kwa mpangilio. Kama una klipu, yaani kipande cha video, iweke. Na kama kompyuta yako inahimili, washa kurekodi kila unapocheza, kwa sababu kwenye seva nyingi asiye na ushahidi huamuliwa kwa ushahidi wa mwenzake.

Kama ulikosa, kiri kwa kutaja kosa lenyewe: "Nilimpiga risasi bila kuongea naye, nikadhani gari lake ni la kundi lililoniteka, nilipaswa kumsimamisha kwanza." Maneno ya namna hiyo yanaonyesha umeelewa, na admini anayejitolea anachotaka kujua ni kama utarudia. "Naomba msamaha, sitarudia" bila kutaja nini hutarudia haimwambii kitu.

Rufaa ikikataliwa, subiri siku zako ziishe. Usifungue akaunti mpya kwa jina la mdogo wako. Seva zinatambua kompyuta yenyewe, siyo jina peke yake, na mnaotumia mashine moja ya bandani mnaweza kufungiwa wote kwa kosa la mmoja. Ikiwa unacheza bandani, liseme hilo kwenye tiketi mapema, kabla mwenzako wa zamu ya jioni hajakuta mlango umefungwa.